Ua la sentimita 3 lililotaka kuwa la mita



Leo nina jambo la kompyuta, lakini msikimbie, linagusa nguo zenu.

Maua yangu ya darizi, mlangilangi, asumini na mengine ya miaka sita, yako kwenye mafaili ya PES, yanayosomwa na mashine za Brother. Mwaka huu nimenunua mashine ya pili, Pfaff iliyotumika, na hiyo natumia nayo mafaili ya VP3. Kuchora upya ni kazi ya miezi, na kuna bibi harusi ambaye nikaha yake ilibaki wiki tatu. Mtoto wa dada yangu anasomea kompyuta. Akaniambia, "Mamdogo, nitakuandikia programu ya kuyahamisha."

Jaribio la kwanza, ua la sentimita 3 likatoka kwenye skrini na upana wa zaidi ya mita moja! Tukacheka, kisha akanieleza.

Kompyuta huhifadhi namba ndani ya baiti, na baiti moja hubeba 0 hadi 255 tu. Namba 300 inataka baiti mbili, 1 na 44, kwani 256 mara 1, ongeza 44, ni 300. Ipi itangulie? VP3 hutanguliza kubwa: 1, 44. PES hutanguliza ndogo: 44, 1. Ukiisoma PES kwa mpango wa VP3 unapata 256 mara 44, ongeza 1: 11,265. Kwa kuwa vipimo hivyo ni sehemu za kumi za milimita, sentimita 3 zinakuwa sentimita 112 na ushei.

Hakuna mpango wenye kosa. Sisi tunasema ishirini na tano, Mwarabu anasema khamsa wa ishrin, tano na ishirini. Hesabu ni ileile. Mwaka 1980 mtaalamu Danny Cohen aliwaasa wenzake waache kugombania jambo hili. Majina ya pande mbili aliyachukua kwenye kitabu cha Jonathan Swift cha 1726, ambamo watu wanapigana kuhusu yai lipasuliwe upande mpana au mwembamba.

Dawa yake ni kutoiachia kompyuta ikisie. Programu iambiwe wazi: faili hili ndogo hutangulia, lile kubwa hutangulia, kisha ijenge namba baiti kwa baiti. Na ukijaribu, usitumie namba kama 257, ambayo ni 1 na 1, haibadiliki hata ukiigeuza. Utadhani mambo yako sawa, kumbe bado.

Alhamdulillah, maua yote yamehama na gauni limekwisha kwa wakati.

Kwenu mabibi harusi, hasa mnaonitumia vipimo kwa simu kutoka mbali: andikeni kama ni inchi au sentimita. Tarehe ya nikaha andikeni kwa jina la mwezi, kwa sababu 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa aliyeko Marekani ni Machi 4. Kila mmoja yuko sahihi kwa mpango wake, lakini gauni ni moja na siku ni moja. Tukubaliane kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Allah awajaalie ndoa zenye kheri.