Heri Kujikwaa Dole

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mropokaji, yule anenaye kabla ya kufikiri. Hata hivyo, yupo mtu mwingine ambaye methali hii yamhusu zaidi, ingawa yeye hunena kwa utaratibu, baada ya kufikiri, tena akiwa na kalamu na daftari mkononi. Huyo ni mwanafunzi wa uzamili aliyetumwa nyanjani kuupima usemi wa watoto wa watu.

Mnamo Januari 1939, mwanafunzi wa aina hiyo, Mary Tudor, alianza kusafiri kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hadi mji wa Davenport ulio kwenye ukingo wa mto Mississippi. Alikuwa akifanya utafiti wa uzamili kuhusu usemi. Huko Davenport palikuwa na makao ya mayatima, na ndiko alikoelekezwa kukusanya data ya tasnifu yake.

Msimamizi wake, Wendell Johnson, hakuwa mtu katili. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na mwaka 1926 alifika Iowa akitafuta tiba, akabaki huko awe mwanafunzi na hatimaye mwalimu. Wakati ule wataalamu wa chuo hicho waliamini kwamba kigugumizi husababishwa na pande mbili za ubongo kugombea uongozi. Johnson alikubali kufungwa plasta mkono wa kulia ili alazimike kutumia wa kushoto. Ulimi haukufunguka. Ndipo alipoanza kuwaza kwamba huenda kigugumizi hakianzii kinywani mwa mtoto, bali sikioni mwa mzazi: mtoto husitasita kama watoto wote wasitavyo, mzazi humwita mwenye kigugumizi, naye mtoto huanza kuliogopa kila neno hadi jina alilopewa likawa hali yake. Lilikuwa wazo la mtu aliyeumia, naye alitaka kuwaokoa wengine.

Tatizo ni jinsi wazo hilo lilivyojaribiwa. Tudor aliteua watoto 22 wa umri wa miaka 5 hadi 15. Kumi walikwisha kutambuliwa kuwa na kigugumizi. Waliosalia 12 walisema kama watoto wengine, na hao waligawanywa katika makundi mawili ya watoto sita. Sita walisifiwa kwa usemi wao. Sita wengine waliambiwa kwamba wameanza kuonyesha dalili za kigugumizi, kwamba ni lazima wajizuie mara moja, na kwamba ni bora wasiseme kabisa iwapo hawawezi kusema sawasawa. Walezi wa makao yale nao hawakuelezwa ukweli. Waliombwa wawasahihishe watoto hao kila wanapositasita. Wazazi wa kuombwa idhini hawakuwepo.

Ifikapo Mei mwaka huo, kundi lile la sita lilikuwa limebadilika. Watoto waliokuwa wachangamfu walijibu kwa neno moja moja, kwa sauti ya chini. Darasani kazi yao ilizorota. Msichana mmoja wa miaka 9 alikaribia kukataa kusema kabisa, akawa anajifunika macho kwa mkono. Yote hayo yaliandikwa kwa uaminifu katika tasnifu, na tasnifu ikakubaliwa.

Hapa ndipo mwanafunzi anapojitenga na utafiti wake. Kazi ilipomalizika, Tudor alirudi Davenport mara tatu kwa hiari yake, akajaribu kuwaambia watoto wale kwamba usemi wao haukuwa na kasoro yoyote. Mwaka 1940 alimwandikia msimamizi wake kwamba alitumaini wangepona baada ya muda, lakini hapakuwa na shaka kwamba maneno yao yalikuwa yameacha alama. Kauli ya kwanza ilikuwa imetoka kwa mtu aliyetumwa na chuo kikuu. Kauli ya pili ilitoka kwa mgeni aliyepita kuwatembelea, nayo haikuweza kuifuta ya kwanza.

Tasnifu hiyo haikuchapishwa katika jarida lolote. Ilikaa rafuni maktabani hadi mwaka 2001, gazeti moja la California lilipoifichua. Watoto wale, sasa wazee, walijua kwa mara ya kwanza kilichowapata zaidi ya miaka 60 iliyotangulia. Chuo kiliomba radhi mwaka huo huo, na Tudor, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80, alikiri majuto yake. Mwaka 2007 jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa watatu waliokuwa hai na kwa warithi wa wengine watatu.

Msomaji atauliza: je, nadharia ilithibitishwa? Watafiti Nicoline Ambrose na Ehud Yairi waliichambua upya data ile mwaka 2002, wakahitimisha kwamba haikuonyesha kuwa kigugumizi kilizalishwa. Leo inafahamika pia kuwa urithi wa kijeni na utendaji wa ubongo una nafasi kubwa katika chanzo cha hali hiyo. Basi watoto wale hawakupata kigugumizi. Walichokipata ni woga wa kusema. Utafiti ulishindwa kuthibitisha ulichokitafuta, lakini madhara yake yalikuwapo vilevile.

Mafunzo ya uzamili katika taaluma hii yamepiga hatua tangu wakati huo. Nchini Marekani, anayetaka cheti cha chama cha kitaifa cha wanataaluma hao hutakiwa awe na shahada ya uzamili na saa 400 za mazoezi ya kitabibu, 25 za kutazama na 375 za kuhudumia watu moja kwa moja, chini ya usimamizi. Baada ya hapo hufanya kazi kwa saa 1,260 akiongozwa na mtaalamu aliyebobea. Maadili ni sehemu ya mtaala, na tangu sheria ya mwaka 1974 utafiti wa aina ile hauwezi kuanza pasi na kamati kuuchunguza. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma kabisa, maadam Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008.

Lakini saa na vyeti havimwondolei mwanafunzi mzigo wa kauli yake. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili nchini Kenya huomba kibali cha NACOSTI, huingia shuleni na kinasasauti, huwasikiliza watoto wakichanganya ngeli, kisha huandika orodha ya makosa. Katika tasnifu, kosa ni data. Mbele ya darasa la nne, neno hilo hilo likitamkwa na mgeni kutoka chuo kikuu ni hukumu, na mtoto aliyehukumiwa anaweza kuishi nalo miaka mingi baada ya mgeni kuhitimu. Wapo watu wazima, Wakenya wazawa, wanaoapa kwamba hawakijui Kiswahili, nao wanakisema kila siku sokoni na katika matatu. Yumkini yupo aliyewahi kuwaambia hivyo walipokuwa wadogo.

Kwa hiyo mwanafunzi aendapo nyanjani, na aende na vifaa vyake na kibali chake. Kabla ya kuondoka shuleni, na amtafute yule mtoto aliyekuwa akisitasita, akae naye, amsikilize hadi mwisho wa sentensi yake bila kuandika chochote.