Kiti cha Kupandia Ngazi

Nyumba zetu za orofa katika Mji wa Kale wa Mombasa zina ngazi nyembamba zilizosimama, na wazee wengi hulala juu. Mama akishapatwa na maradhi ya magoti, au akipooza upande mmoja, ngazi aliyoipanda miaka yote huwa ndiyo ukuta wake: harusi na matanga ya mtaa huyasikia dirishani tu. Siku ya kwenda hospitali vijana wanne humkalisha juu ya kiti cha plastiki wakamteremsha. Mungu awalipe vijana. Lakini mguu mmoja ukiteleza huanguka watano, na mama mwenye haya zake hushikwashikwa mbele za watu.

Kipo kiti cha umeme kifanyacho kazi hiyo. Reli yake kwa kawaida hufungwa juu ya vipandio vyenyewe, si ukutani. Vingi huenda kwa betri, ambazo hutiwa chaji kiti kinapopumzika mwisho wa reli. Stima ikikatika, mama haachwi katikati. Ila mwenye kuogopa bili akiizima swichi ya chaji, betri zitakwisha nguvu. Kitufe hubonyezwa bila kuachiwa. Kidole kikiondoka, kiti husimama. Twalipenda jambo hili, kwani mama hujiendesha mwenyewe. Na kikanyagio kikigusa kiatu, au mmoja wa paka wetu wasiohesabika, husimama vilevile.

Hatari kubwa iko juu, wakati wa kushuka kitini, kwa kuwa shimo la ngazi li karibu. Kwa ajili hiyo kiti huzungushwa kikaelekea sakafu ya orofani, kikajifunga hapo, ndipo mkanda ufunguliwe. Si kabla. Nanyi mama zetu, pindo la buibui na ncha za leso zikusanywe mapajani kabla ya safari, zisije zikanaswa.

Kiti hiki hakimfai kila mtu. Asiyeweza kukaa wima hakimfai. Ngazi yenye kona huhitaji reli iliyokatwa kwa kipimo chake yenyewe, na bei hupanda mno. Familia moja ilitutaka rai, na ngazi yao ilikuwa na kona mbili, tena nyembamba hata watu wawili hawapishani. Tukauliza: mama mwenyewe asemaje? Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alipoulizwa, alitaka chumba cha chini kilichokuwa stoo, apate kusikia hodi za wageni. Wakakisafisha, wakamjengea choo cha kukaa.

Wale ambao ngazi zao zanyooka na zina nafasi, waangalie uzito ulioandikwa na mtengenezaji, na wawakataze watoto kukifanya bembea. Na fundi aulizwe kabla ya malipo: betri zikichoka, zapatikana hapa hapa Mombasa, au zangojewa kutoka ng'ambo?