Kibali cha Baba Mdogo

Sisi tunaowaandikia tunakaa Lexington, katika jimbo la Kentucky, huko Marekani. Tu wana wa Fizi, na tulipita katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Mwaka 2024 tulikuwa watu wanne wa ukoo mmoja tuliofanya shauri la kwenda kuwinda katika jimbo jingine, yaani Missouri. Habari ya mawindo yenyewe tutaieleza siku nyingine, Mungu akipenda. Leo twataka kuwaeleza matengenezo tu, kwani mawindo yalikuwa ya siku tatu, lakini matengenezo yalitushika miezi mitano.

Mnyama tunayemsema hayuko kwetu. Dume lake lina pembe zenye matawi, na kila mwaka huziangusha na kuotesha nyingine. Akikimbia huinua mkia, nao ni mweupe chini kama kitambaa cha altare. Sisi twamwita kulungu kwa kukosa jina jingine.

Shemeji yetu anakaa St. Louis, naye ndiye aliyetuita. Kwetu Kentucky sehemu kubwa ya nchi ni mashamba ya watu, na mgeni asiye na rafiki mwenye shamba hana pa kwenda. Mara mbili tulikwenda katika msitu wa serikali unaoitwa Daniel Boone, upande wa mashariki, tukarudi na miiba katika suruali. Shemeji akatuambia, «Njoni huku. Tuna msitu mkubwa wa Mark Twain, eka milioni moja na nusu, na kila mwenye kibali aweza kuingia.»

Baba mdogo alipoisikia habari hii aliuliza neno moja, «Mwenye pori ni nani?»

Tukamjibu kwamba ni la watu wote.

«Sikuulizi hivyo, mwanangu. Tukiua mnyama, paja tutampelekea nani?»

Huyu baba mdogo alikuwa mwindaji wa nyavu katika misitu ya Itombwe, na kwao hakuna pori lisilo na mwenyewe. Wazee wa ukoo wajua mto gani ni mpaka, na mgeni husalimu kwanza. Basi shemeji alimweleza kwa simu. Msitu ule zamani ulikatwa miti yote na watu wa mbao, udongo ukabaki uchi. Katika miaka ya 1930 serikali ikainunua nchi ile iliyochoka, na mwaka 1939 ikaufanya kuwa msitu wa taifa. Na kulungu nao walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1925 walikadiriwa kuwa hawafiki 400 katika Missouri nzima. Ndipo watu wakakatazwa kuwinda kwa miaka kadhaa mpaka mwaka 1944, na leo wamepita milioni moja. Baba mdogo alisikiliza sana habari hiyo ya kukataza na kufungua, akasema kwamba hata wazee wa kwao walikuwa wakifunga bonde moja ili wanyama wazae. Lakini habari ya paja haikumtoka moyoni.

Kisha tukaanza kusoma sheria, na hapo ndipo baba mdogo alipohuzunika. Nyavu ni marufuku. Kuwinda kulungu kwa mbwa ni marufuku. Kumwekea chakula ili aje ni marufuku. Bunduki imeruhusiwa, tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kutua. Kila mwindaji lazima avae kofia na fulana ya rangi ya chungwa kali, ili mwenzake asimdhani mnyama. (Kulungu haioni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona, kwake hufifia.) Na kibali cha mgeni ni zaidi ya dola 200, hali mwenyeji wa Missouri hulipa chini ya dola 20. Tulinung'unika, twakubali. Mmoja wetu alihesabu kwamba kwa fedha ile yote tungeweza kununua mbuzi.

Sasa tusikie jambo la cheti. Missouri yataka kila mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye awe amefundishwa masomo ya uwindaji. Kentucky yataka hivyo kwa waliozaliwa tangu 1975, kwa hiyo kwetu baba mdogo hakuulizwa neno. Lakini karatasi yake yasemaje? Yasema: 1 Januari 1967. Tarehe hiyo si ya mama yake. Ni ya karani wa kambini, maana asiyejua siku yake aliandikiwa siku ya kwanza ya mwaka, na ndiyo sababu nyumbani mwetu tuko watano wenye sikukuu moja. Baba mdogo ajua kwamba wakati wa maasi ya Mulele, mwaka 1964, mama yake alikimbia naye porini akiwa amembeba mgongoni. Basi amezaliwa mbele ya 1967. Lakini nani ataandika barua Missouri kuwaeleza habari ya Mulele?

Kijana wetu alisema, «Baba, iko njia fupi. Missouri huwapa watu wazima ruhusa ya mwanafunzi. Utawinda karibu na mimi, mimi nitakuwa mwalimu wako.»

Baba mdogo alimtazama. «Wewe niliyekubeba kutoka Fizi mpaka ziwani? Hapana. Nitasoma.»

Tulidhani atachoka baada ya siku mbili. Masomo yanapatikana kwa intaneti, tena mtu mzima aweza kuyamaliza yote nyumbani. Lakini ni Kiingereza, naye Kiingereza chake ni cha dukani na cha kazini. Basi kila jioni kabla ya kwenda kazi ya usiku, mmoja wetu aliketi naye mezani akasoma na kumfasiria. Habari ya nyayo, ya upepo na ya kumfuata mnyama aliyejeruhiwa aliijua kuliko kitabu. Mara nyingine alikisahihisha.

Jioni moja tulifikia sheria ya kwanza ya bunduki: mdomo wa bunduki usielekee mtu kamwe, hata kama haina risasi. Tulipomaliza kufasiri alinyamaza. Akasimama, akaenda kunywa maji, hakurudi mezani. Baba mdogo hakupata kushika bunduki maisha yake yote. Katika Itombwe aliwinda kwa nyavu na mkuki. Mwaka 1996, vita vilipofika, bunduki aliziona upande wa mdomo tu. Katika msitu wa Daniel Boone alikuja nasi, lakini aliketi tu chini ya mti.

Tuliogopa kwamba tumemfanyia vibaya. Tulisemezana wenyewe usiku ule, tukaona afadhali kuiacha safari kuliko kumrudishia mzee mambo yale. Lakini asubuhi alikuwa mezani mbele yetu, kitambo kabla ya chai. Akasema, «Someni tena sheria ile. Nataka kuisikia polepole.» Tukasoma. Akauliza kama watu wote wa huku hufundishwa hivyo kabla ya kupewa ruhusa ya kuwinda. Tukasema ni wengi, si wote. Akatikisa kichwa. Mtihani aliushinda mara ya pili.

Septemba tulikwenda kuutazama msitu. Ramani yaonyesha rangi moja, lakini ndani yake kuna vipande vya watu binafsi vilivyoingiliana nao kama mabaka. Kilima tulichokichagua kwa ramani kilikuwa kizuri: mialoni mingi, na kulungu hupenda matunda yake. Tulipokaribia, baba mdogo akatuzuia kwa mkono. Juu ya mashina ya miti kulikuwa na alama za rangi ya zambarau. Alidhani ni dawa ya mwindaji mwingine. Kumbe tangu mwaka 1993 sheria ya Missouri yasema kwamba rangi ya zambarau juu ya mti ni sawa na kibao cha kukataza watu kuingia. Hatua ishirini zaidi tungekuwa wahalifu. Tukachagua bonde jingine, mbali na barabara, mwendo wa saa moja kwa miguu. Twaongeza kwamba katika msitu huo waweza kulala katika hema bure mpaka siku kumi na nne.

Likabaki jambo la kichwa. Kwao baba mdogo, kichwa cha mnyama ni cha mjomba, na mjomba yuko mmoja hapa Lexington, mzee sana, aliyekwisha kuahidiwa. Lakini kulungu wa Marekani wana ugonjwa unaoharibu ubongo, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Mnyama hukonda, hudondosha mate, hufa, na dawa hakuna. Mtu aliyeambukizwa hajajulikana, lakini wakubwa wa afya washauri kutokula nyama ya mnyama aliyepimwa na kuonekana anao. Missouri wanao, na Desemba 2023 ulionekana Kentucky pia. Kwa hiyo Kentucky yakataza kuingiza kichwa au uti wa mgongo kutoka jimbo jingine. Nyama iliyotolewa mifupa huruhusiwa. Tulimpelekea mjomba habari hii sote wanne, kwa heshima, na chupa ya soda. Alikasirika wiki moja. Kisha akauliza kama ulimi nao ni kichwa. Baba mdogo akamwambia kwamba badala yake ataletewa paja.

Tuliondoka Alhamisi usiku, tarehe 14 Novemba, kwani bunduki zilifunguliwa Jumamosi tarehe 16. Shemeji alikuwa ameuliza saa ya Misa ya Jumapili katika mji wa karibu. Bunduki hazikuwa na risasi, nazo zilifungwa katika masanduku, maana tulipita majimbo ya Indiana na Illinois, na kila jimbo lina sheria yake. Baba mdogo alikaa mbele. Katika Nyarugusu, kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali, na mara nyingi alirudishwa njiani. Tulipokaribia daraja la mto Mississippi, taa za St. Louis zikionekana ng'ambo, alitoa mfukoni cheti chake na kibali chake.

«Bariyeri iko wapi?»

«Hakuna bariyeri, baba.»

Hakuvirudisha mfukoni. Alivishika mkononi mpaka tulipofika upande wa pili.