Milimita 20 zilizogeuka 40

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni mjomba wangu. Ana ploti huku Lurambi, karibu na Rosterman, ule mgodi wa dhahabu wa wazungu uliofungwa mwaka 1952. Wachimbaji wadogo bado wanachimba pande zile, na anaogopa kujenga juu ya shimo. "Mpwa wangu, wewe si una digrii ya kompyuta? Iulize."

Basi nikaandika programu ndogo ya elementi. Unaukata udongo vipande vipande, kila kipande kina ugumu wake, kisha kompyuta inatafuta nodi zitasogea kiasi gani. Mimi nilitengeneza nguzo moja tu ya udongo, kutoka dari ya shimo hadi juu. Hatua ya 1, uzito wa udongo wenyewe. Hatua ya 2, naiamuru nodi ya chini ishuke milimita 20, kana kwamba dari imelegea. Hatua ya 3, naweka nyumba.

Jibu: nyumba inashuka milimita 43. Karibu nimpigie mjomba simu auze ploti.

Lakini udongo wenyewe ulikuwa umebanwa na nyumba milimita 3 tu. 40 zilitoka wapi? Nilikesha nikisoma kodi yangu. Kumbe kila hatua programu inatafuta nyongeza tu, halafu inaijumlisha na misogeo ya nyuma. Ile 20 niliyoiacha kwenye nodi ilisomwa upya hatua ya 3, kama amri mpya. Mimi nilimaanisha "fika 20", programu ikasikia "ongeza 20". Dawa ni mstari mmoja: nyongeza ni lengo kutoa pale ulipofika. 20 kutoa 20 ni sifuri, nodi inakaa palepale. Nyumba ikashuka 23.

(Angalieni pia programu kubwa kama PLAXIS, iliyoanzia Delft, Uholanzi, mwaka 1987. Zinakuruhusu kurudisha misogeo kwenye sifuri katikati ya hatua huku mikazo ikibaki. Ukifanya hivyo, jiulize 20 yako inapimwa kuanzia wapi.)

Nikafurahi, kisha furaha ikaniisha. Sifuri si sawa na kuondoa amri. Nodi yenye sifuri imeshikwa, hata ukiweka ghorofa kumi juu yake haitashuka tena, kwa sababu programu inaipa nguvu yoyote inayohitajika kuizuia. Nani ataishika dari ya shimo la kweli namna hiyo? Nikaondoa amri ili nguvu ile iachiliwe, matriksi ikagoma kabisa: nguzo yangu haina udongo wa pembeni wa kuibeba. Na zile 20 zenyewe hazikuwa jibu. Nilizitunga mimi, mezani.

Jumapili nikaenda kwa mjomba bila laptopu. Nikamweleza.

"Kwa hivyo hujui kama kuna shimo?"

"Sijui, mjomba. Wala kompyuta haijui. Tafuta mhandisi wa udongo atoboe kwanza."

Alinyamaza kidogo, akauliza kutoboa ni pesa ngapi. Mawe ya msingi yalikuwa yameshaletwa, yako pale kando ya njia. Mimi naandika upya ile programu, safari hii na udongo wa pembeni.