Treni au Ndege? Kutoka Dumila Hadi Hamburg Peke Yangu

Akina mama wenzangu, tangu nirudi kutoka Ujerumani nimeulizwa maswali mengi, pale zahanati na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Lakini moja linarudi kila mara: "Mama, ulipofika Ulaya ulipanda treni au ndege? Na peke yako hukuogopa?" Wanaouliza si watalii. Ni wanawake wenye mabinti walioolewa au wanaofanya kazi huko, na wanajua ipo siku simu italia na sauti itasema, "Mama, njoo, nakaribia kujifungua."

Dumila yetu si mahali pa kukosa usafiri. Tumekaa njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati, na nyingine inachepuka kwenda Kilosa. Mabasi ya bara yanapita mchana na usiku, vijana wakiyakimbilia na ndoo za nyanya. Lakini sisi pia tunajua jinsi njia inavyoweza kufa. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Magole, barabara ikakatika na abiria wakakwama huku na huku. Kwa hiyo mtu wa Dumila mwenye safari ya lazima haanzi kuuliza nauli. Anauliza: njia ikikatika, nitakuwa mikononi mwa nani? Swali hilo ndilo lililoniamulia mambo huko Ulaya.

Binti yangu anaishi Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mwezi Mei 2025 alikuwa na mimba ya kwanza ya wiki thelathini na nane, na mumewe anafanya kazi za zamu. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ndege mpaka mwisho: Dar es Salaam, Addis Ababa, Frankfurt, Hamburg. Ya pili, kushuka Frankfurt na kumalizia kwa treni ya mwendo kasi. Baba watoto alitaka ndege. "Utapotea stesheni," alisema, "na huko hakuna wa kumwuliza kwa Kiswahili." Binti alitaka treni.

Ukisikia kwamba ndege ya Frankfurt hadi Hamburg ni saa moja na treni ni saa nne hivi, unaona jibu limekwisha patikana. Hesabu tena, mama. Ndege ya saa moja ina ukaguzi wake, kusubiri kwake, kungoja sanduku, halafu safari ya kutoka uwanjani kwenda mjini. Treni inakushusha katikati ya mji, na stesheni ya masafa marefu ya Frankfurt, iliyofunguliwa mwaka 1999, iko hapo hapo uwanja wa ndege. Tofauti ya muda hupungua sana.

Lakini muda si jambo kubwa. Jambo kubwa ni tiketi. Ukinunua safari yote ya ndege kwa tiketi moja, sanduku lako linaandikwa Hamburg tangu Dar es Salaam. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua vipande viwili mbalimbali kwa sababu ni rahisi kidogo, kuchelewa kwa cha kwanza kunakuwa mzigo wako peke yako. Treni nayo ni hivyo hivyo. Tiketi ya bei ya chini huko Ujerumani imefungwa na treni moja tu, ya saa ile. Ndege yako ikichelewa, treni imekwenda na tiketi imekufa. Ipo tiketi ya bei ya juu isiyofungwa, ambayo unapanda nayo treni yoyote ya siku hiyo. Baadhi ya mashirika ya ndege pia huuza tiketi ya treni pamoja na ya ndege.

Na msidhani treni za Wazungu hazichelewi. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za shirika la reli la Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na huko kuchelewa kwa chini ya dakika sita hakuhesabiwi kabisa. Hata hivyo treni moja ikikwama, nyingine huja baada ya muda si mrefu. Hilo ndilo lililonivuta. Nilinunua tiketi isiyofungwa, nikalipia na kiti, maana kiti huko hulipiwa mbali. Kurudi nikachagua ndege tangu Hamburg, kwa tiketi ile ile ya ndege.

Nyaraka sitazieleza kwa urefu. Ada ya viza ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie yuro 30,000. Samli niliyokuwa nimemwandalia mzazi ilibaki nyumbani, kwani Umoja wa Ulaya haumruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa na vitokanavyo navyo. Pilipili manga na mdalasini wa Uluguru, vilivyokaushwa vizuri, nilikwenda navyo.

Nilitoka Dumila siku moja kabla. Basi hadi Msamvu, kisha treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Chini ya saa mbili nilikuwa Dar es Salaam. Nilipokuwa nimekaa humo niliwaza reli ya zamani inayopita Kilosa. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na waliobeba udongo wa tuta lile ni babu zetu. Sasa nilikuwa naenda kupanda treni kwao, tena kwa nauli kamili.

Hapa niseme kama muuguzi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda mguuni. Si ndege tu. Basi na treni vimo. Hatari yenyewe si kubwa kwa mtu mzima wa afya, lakini mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au mnene sana amwone daktari kwanza. Kunywa maji, zungusha vifundo vya miguu, simama utembee. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, usizitie sandukuni.

Frankfurt nilifika alfajiri. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu, nami nikaingoja kwa utulivu, maana hakuna treni iliyokuwa ikinikimbia. Huko hakuna geti la kuingilia jukwaani. Namba ya behewa imeandikwa kwenye tiketi, na ubao unaonyesha herufi ya mahali behewa hilo litakaposimama. Simama hapo mapema, kwa kuwa treni husimama dakika chache tu. Sanduku unalipandisha mwenyewe. Kijana mmoja alinisaidia kwa ishara. Baada ya Hannover mashamba yalikuwa ya maua ya njano mpaka macho yanachoka. Kisha tukavuka mto Elbe, na mkwe wangu alikuwa jukwaani na nguo zake za kazi.

Mjukuu alizaliwa siku ya nne, msichana, na uji wa pilipili manga ulinyweka mpaka wakunga wakauliza ni harufu ya nini.

Kurudi kwa ndege kulikuwa kwepesi zaidi, nakiri. Sanduku nililiacha Hamburg nikalipokea Dar es Salaam. Lakini wakati huo sikuwa na haraka ya mtu yeyote.

Jirani yangu anakwenda kwa mwanawe Stockholm mwezi Desemba. Yeye nimemwambia achukue ndege mpaka mwisho, tiketi moja. Ana goti bovu na masanduku mawili, na Desemba huko jua huzama kabla ya saa tisa alasiri.