Miviringo Katika Weusi wa Gari

Avaaye buibui jeusi hahitaji kuelezwa tabia ya rangi hiyo. Chembe ya unga iliyoruka wakati wa kukanda mahamri, unyoya wa paka, uzi wa leso, vyote huonekana juu yake, ilhali juu ya nguo ya rangi nyingine vingepita bila kutazamwa. Gari jeusi lina tabia iyo hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu uso wake umelainishwa mpaka ukawa kama kioo. Likiwa safi na zima, ni machache yanayolishinda kwa haiba. Likiwa limekwaruzwa, hata kwa mikwaruzo ambayo ukucha hauihisi, hujisema lenyewe kila linapopita chini ya taa.

Nyumbani kwetu tunalo gari la namna hiyo. Lilitumika Japani kabla ya kushuka bandarini Mombasa, nasi ndugu wanne tulichanga pamoja na mama yetu tukalinunua miaka mitatu iliyopita. Siku za kazi humpeleka mama hospitali na watoto shule na madrasa. Tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili hukodishwa kwa arusi. Hupambwa kwa maua na utepe, likambeba bwana arusi kwenda kuozwa, kisha likarudi na bibi arusi. Kodi hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto wawili wa dada yetu aliyefiwa na mumewe. Kwa hivyo kung'aa kwa gari hili si jambo la fahari tu.

Mwaka huu, Mfunguo Mosi ulipokaribia, msimu ambao arusi hufuatana wiki kwa wiki, walikuja jamaa wa upande wa bwana arusi kulitazama. Walifika baada ya Isha, taa ya barazani ikiwaka. Mmoja wao, mpiga picha za video, aliinama mbele ya boneti, akatazama kwa kitambo, kisha akamwita mwenzake. Katika weusi ule palikuwa na mistari myembamba, mamia kwa mamia, iliyoizunguka taa kama utando wa buibui, yule mdudu aliyepewa jina moja na vazi letu. Wakaomba udhuru kwa adabu zote, wakaenda kukodi gari jeupe kwingineko. Wiki iliyofuata wakaja wengine, nao wakafanya vivyo hivyo. Karo ilikuwa inadaiwa.

Tulipoanza kuuliza na kuchunguza, jambo la kwanza tulilolifahamu ni kwamba miviringo ile si miviringo hasa. Ni mikwaruzo midogo iliyokwenda kila upande: kwa urefu, kwa upana, mshazari. Taa ikimulika, ni ile tu iliyokingama na njia ya mwanga inayolirudishia jicho mng'aro. Iliyolala kuufuata mwanga haionekani. Basi jicho huikusanya ile iliyokingama pande zote za taa, likaona duara. Ukisogea hatua mbili, duara nalo lasogea. Asiyesadiki na achukue sufuria ya zamani, iliyosuguliwa miaka na miaka kwa mchanga na majivu au kwa waya wa kusugulia, aigeuzegeuze chini ya taa ya jikoni. Atayaona mambo hayo hayo. Sisi tulilipeleka gari Mama Ngina, kule ambako watu huenda jioni kula mihogo na kunywa madafu, na kila tulipolisimamisha chini ya taa ya barabarani, duara lilitungoja hapo.

Gari jeupe pia lina mikwaruzo hiyo. Tofauti ni kwamba rangi nyeupe yenyewe hurudisha mwanga kila upande, na mng'aro mdogo wa mkwaruzo humezwa humo. Nyeusi humeza mwanga wake wote, ikauacha mkwaruzo ung'ae peke yake.

Ama kuhusu kuiondoa, hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Rangi ya magari ya siku hizi ni tabaka juu ya tabaka. Juu ya bati pana tabaka za kuzuia kutu na praima, juu yake rangi yenyewe, na juu ya yote vanishi isiyo na rangi, ambayo ndiyo inayong'aa. Tabaka zote hizo kwa pamoja aghalabu ni baina ya maikroni 100 na 150, na vanishi peke yake ni kama 35 hadi 50. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu huwa na unene wa maikroni 70 hivi. Yaani kile kinachong'aa juu ya gari zima ni chembamba kuliko unywele mmoja, na ndicho kinachoikinga rangi dhidi ya jua. Sote tumeyaona mjini magari ambayo paa na boneti zimebabuka, zimefanya mabaka meupe kama ngozi yenye mba. Hayo ni magari ambayo vanishi yake imekufa, na jua la Pwani halina huruma kwa kitu kilichopoteza kinga.

Mkwaruzo ni handaki dogo ndani ya vanishi hiyo. Kuuondoa si kuujaza. Ni kuishusha vanishi yote iliyo kandokando yake mpaka ilingane na kina cha handaki. Kila gari linapopigwa polishi ya kukata, hupungua, na kilichopungua hakirudi.

Iko njia ya pili, nayo ni kuficha. Zipo dawa za mafuta na nta zinazoingia katika mikwaruzo zikaiziba, gari likaonekana kama lililotoka kiwandani leo. Hazina madhara, na kwa mtu anayetaka gari lipendeze usiku mmoja wa arusi, hatuoni ubaya wake. Lakini baada ya kuoshwa mara chache hutoka, na mikwaruzo ikarudi mahali pake. Ndivyo lilivyokuwa gari letu siku tulipouziwa. Pale uwanjani lilimeremeta hata mama akajiona ndani ya mlango akatengeneza mtandio wake. Baada ya mvua za masika na kuoshwa mara nne au tano, weusi ukawa wa kijivu. Aliyetuuzia hakusema uongo, kwani hakuulizwa. Walakini hakusema pia. Anayekwenda kununua gari jeusi na achukue kitambaa safi na spiriti kidogo iliyochanganywa na maji, aombe ruhusa, apanguse mahali padogo, kisha amulike kwa tochi ya simu. Mafuta huondoka kwa spiriti, na ukweli huonekana papo hapo.

Tulikwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza aliahidi kulimaliza kwa siku moja kwa bei nafuu: kompaundi kali, mashine inayozunguka kwa kasi kwa mhimili mmoja, na gari jioni. Kaka yetu mkubwa alikwisha kukubali, kwani arusi za Mfunguo Mosi zilikuwa zikipita. Wa pili alikuwa na kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia unene wa rangi. Alikigusisha kwenye paa, kikasoma 118. Milango ilikuwa 112 na 115. Kwenye boneti kikasoma 84, na karibu na ukingo wake, 76.

"Mama," akasema, "boneti hii ilikwisha kusuguliwa sana, huko ilikotoka au hapa. Nikiikata mpaka iwe kama maji, itapendeza. Lakini jua la miaka miwili litaichukua."

Kaka akasema arusi ni sasa, na miaka miwili ni mbali.

Mama akamuuliza fundi, "Na ikibabuka, dawa yake ni nini, mwanangu?"

"Kupaka upya, mama. Boneti yote."

"Na rangi ya kupakwa itafanana na ile ya mlango?"

Fundi akacheka kidogo. Nyeusi si moja, akasema. Hata nyeusi huwa na nyeusi mwenzake.

Mama akamgeukia kaka. "Wewe watazama arusi ya Jumamosi. Mimi naitazama karo ya darasa la nane." Hakuongeza neno, na mjadala ukaishia hapo, ingawa kaka alikaa na uso mzito mpaka Maghribi.

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi aliliosha gari kwanza kwa makini, kwa maana kusugua juu ya vumbi ni kuongeza kile unachokiondoa. Kingo zote akazibandika utepe wa karatasi, kwani kwenye kingo na mikunjo ya bati ndipo vanishi ilipo nyembamba. Akajaribu dawa nyepesi mahali pasipozidi kiganja, akapangusa kwa spiriti, akatazama kwa taa, ndipo akaendelea. Mashine yake ilikuwa ile inayozunguka huku ikiyumba, ambayo hukata polepole na haichomi rangi kwa urahisi. Sponji ya mashine ilipojaa unga wa vanishi aliibadilisha. Milango na paa zilirudi kuwa nyeusi kwelikweli. Boneti aliipitisha mara moja tu kwa dawa laini kabisa. Utando ukapungua, mikwaruzo mirefu ikabaki, naye akaipaka nta juu yake. Tulilipa mara mbili ya bei ya fundi wa kwanza.

Sasa, ile mikwaruzo ilitoka wapi? Si barabarani. Iliyo mingi hutoka kwenye kuosha na kupangusa. Vumbi letu limechanganyika na mchanga, na mchanga una punje za kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi ni 7, ilhali kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Vanishi ni laini kuliko kioo kwa mbali. Basi kitambaa kikavu kinachopita asubuhi juu ya boneti iliyolala nje huwa ni msasa mwembamba, hata kiwe kipande cha leso kuukuu kilicholainika kama hariri. Ulaini wa kitambaa haudhuru punje iliyoshikwa chini yake. Watu wengi hapa mjini hulipangusa gari kila kucha, kwa nia njema, ili mwenye gari asitoke na vumbi. Kwa rangi nyeusi, afadhali vumbi likae.

Gari letu huoshwa na kijana wa mtaani, mwenye magari sita au saba anayoyahudumia, ndoo moja na sponji moja. Sponji iliyoosha tairi ndiyo iliyopanda juu ya paa, na maji yaliyoingiwa na mchanga wa bampa ndiyo yaliyomalizia milango. Sabuni ilikuwa ya unga, ile ya nguo. Kaka alitaka kumwondoa. Dada yetu, ambaye karo ya wanawe ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, ndiye aliyemtetea: kijana huyu hakufundishwa na mtu, na hao wenye magari saba hakuna hata mmoja aliyemnunulia ndoo ya pili.

Tukainunua. Siku hizi gari hufuliwa vumbi kwanza kwa maji yanayomiminwa kutoka juu, bila kuguswa na kitu. Kisha ndoo moja ya shampuu ya gari, na ndoo ya pili ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kipande kimoja cha gari. Kitambaa ni cha nyuzi nyembamba zenye manyoya, si sponji, maana manyoya huimeza punje ndani badala ya kuikandamiza juu ya rangi. Huanzia paani, huteremka, na tairi zina kitambaa chao wenyewe. Maji hutushughulisha, kwani mabomba yetu hukauka kwa siku kadhaa na mitungi ya lita 20 hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Tulipopima tukaona mitungi mitatu yatosha bila israfu. Maji ya kisima yana chumvi, nayo yakikaukia juani huacha madoa yanayokula vanishi, kwa hivyo kazi hufanywa kivulini baada ya Alasiri, na gari hukaushwa papo hapo kwa taulo linalolazwa na kuinuliwa, wala halisuguliwi. Vitambaa vya gari tunavifua sisi wenyewe mbali na vya jikoni, na kilichoanguka chini hakirudi juu ya gari siku hiyo hata kionekane safi. Wasiwasi mkubwa ni kunguru, ambao mji huu unao wa kutosha. Kinyesi chao hakingoji wiki, na hakipanguswi kikavu. Hulowekwa kwa kitambaa chenye maji dakika kadhaa mpaka kilainike, kisha kikainuliwa.

Arusi mbili zimelikodi tangu hapo, zote za mchana. Wa tatu aliuliza juu ya ule mkwaruzo mrefu wa boneti, tukamwonyesha chini ya taa kabla hajatoa arubuni. Akapunguziwa kidogo, akalichukua. Karo ya muhula imebaki nusu. Yule kijana amekuja juzi kutuomba ndoo zetu kwa saa moja, akaoshe gari jeusi la jirani. Dada yetu alimpa, akamwambia amwombe mwenye gari amnunulie zake.