Kilimia Barabarani

Tukitaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, ususi, mashairi na mavazi ya wazee. Ni mara chache mtu akalitaja gari. Hata hivyo, kitu ambacho watu hukiota usingizini, wakakidunduizia fedha kwa miaka mingi, wakakiogopa na kulizwa nacho, hakiwezi kuwa nje ya utamaduni wao. Jambo hili nilikuja kulielewa siku mpwa wangu alipopokea gari lake katika bandari ya Dar es Salaam, nami nikapewa kazi ambayo sikuiomba: kulihukumu.

Mpwa wangu ni mtoto wa pekee wa dada yangu mkubwa, akaaye Korogwe. Baba yake alikuwa dereva wa lori katika njia ya Zambia. Alifariki mwaka 1994 katika mteremko wa Kitonga, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu. Tangu siku ile dada yangu hapandi gari ila kwa dharura, na akipanda hukaa kiti cha nyuma, amefumba macho mpaka afike. Kijana naye alikua akipenda injini kuliko chakula. Alisomea ufundi wa mitambo, akaajiriwa, akadunduiza kwa miaka sita, kisha akaagiza kutoka Japani Subaru WRX STI, gari ambalo vijana wa rika lake hulitaja kwa sauti ya chini, kama mtu atajavyo jina la mchumba.

Mama mtu alipopata habari hakugomba. Alinipigia simu akasema maneno machache: "Mdogo wangu, wewe ndiwe mjomba wake. Liendeshe wewe kwanza, ulilete hapa kwangu. Ukisema halifai, atauza. Nimekwisha sema naye, naye amekubali."

Kwetu sisi mjomba si jina tu, bali ni cheo. Neno la mjomba huweza kufunga ndoa na huweza kuivunja. Nilikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote sikupata kumiliki ila gari moja, Peugeot 504 kuukuu, iliyonifunza subira kuliko kitabu chochote. Nilijiona nafaa kwa kazi ile. Mtu mzima, tena mwalimu, atahadaiwaje na chombo cha vijana?

Tulifika bandarini asubuhi. Magari ya namna hii huletwa na meli ambazo huingia na kutoka kwa magurudumu yao wenyewe, kama ng'ombe waingiavyo zizini. Kijana alikuwa amekwisha lipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, pamoja na tozo nyinginezo, na bahasha ya stakabadhi ilikuwa nene kama Msahafu. Wakala wa forodha alizipanga karatasi moja moja, zikagongwa mihuri, tukangoja, tukaitwa, tukangojeshwa tena. Mwishowe tuliongozwa hadi kwenye uwanja uliojaa magari yenye vumbi la safari, na mpwa wangu akasimama ghafla, kana kwamba amemwona mtu anayemfahamu.

Lilikuwa la buluu. Liliundwa mwaka 2018, nalo lilikuwa limetembea kilometa elfu kumi na tisa tu, basi kwake yeye lilikuwa jipya. Juu ya boneti palikuwa na tundu pana la kuvutia hewa, na nyuma palisimama bawa kubwa. Kijana hakuligusa kwanza. Alilizunguka mara moja, akachuchumaa, akatazama chini yake, kisha akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama desturi yetu inavyotaka anapompa mkubwa kitu. Nikaona mikono ile inatetemeka kidogo.

Tuliondoka siku ya pili, saa kumi na moja alfajiri, katikati ya mwezi wa Julai, gari likiwa na kibao chake cha njano. Kabla ya kuingia nilinyosha mgongo, nikatazama juu. Upande wa mashariki kaskazini kilikuwapo Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo babu zetu walilitumia kujua majira ya kulima, na ambalo kwa sababu hiyo lilipewa jina linalotokana na kulima. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, akiigusa nembo iliyo mbele ya gari, "kile unachokitazama ndicho hiki."

Nikainama. Kwenye nembo mna nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Akanieleza kwamba Subaru ni jina la Kijapani la kundi lile lile la nyota, nalo lina maana ya kukusanyika pamoja, na kwamba nyota zile zinakumbusha makampuni yaliyoungana kuunda kampuni mama, iliyoanzishwa mwaka 1953. Nilikaa kimya. Nilidhani nimeletewa kitu kigeni kabisa nikihukumu, kumbe kimekuja na nyota ya bibi yangu kwenye paji la uso.

Niruhusiwe sasa kusema jinsi gari lenyewe lilivyo. Klachi yake ni nzito, na gia sita huingia kwa mkato, kama komeo la mlango mzuri. Kiti hukukumbatia mbavu, na usukani haupwayi hata kidogo. Injini yake ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni zake hurushwa kwenda nje na kurudi ndani kama ngumi za mabondia wawili wanaokabiliana. Kwa kulala hivyo, uzito wa gari hukaa chini, nalo haliyumbi katika kona. Ujazo wake haufiki lita mbili kamili, lakini nguvu zake ni za farasi 308, kwa sababu ya tabo, kifaa ambacho huzungushwa na moshi utokao, kikasukumia hewa nyingi ndani ya injini. Nguvu hizo hugawiwa magurudumu yote manne. Aina ya injini ile ilianza kutumika mwaka 1989, na mwaka 2019 kiwanda kilitangaza mwisho wa gari hili katika soko la Japani.

Kutoka Kimara hadi Kibaha nilikwenda kama mwalimu. Mlandizi nilipita kama mwalimu, na Chalinze nikakata kulia kuelekea kaskazini, bado nikiwa mwalimu. Mpwa wangu alikaa kimya, mikono juu ya magoti. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika gari lile huenda kwa adabu, wala usingedhani lina siri. Tulivuka Wami juu ya daraja jipya, lililochukua mahali pa lile jembamba la zamani ambapo magari yalipita kwa zamu. Jua lilikwisha panda, barabara ilikuwa kavu na nyeupe, na baada ya Mkata palitokea mnyoosho mrefu usio na gari hata moja.

Nikakanyaga mafuta.

Sijui nilieleze vipi jambo lile bila kuaibika. Kwanza gari lilinyamaza, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha mkono usioonekana ukanisukuma kifuani hadi nikazama kitini, miti ikageuka ukuta, na kifua changu chenye umri wa miaka sabini kikajaa kicheko. Nilikumbuka utotoni mwangu, chini ya milima ya Usambara, tulivyokaa kando ya njia kutazama yale mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh alipoyashinda kwa Volvo, kila mtoto kijijini kwetu alikuwa Joginder, akikimbia na mfuniko wa sufuria mkononi. Baadaye magari ya Subaru nayo yaliyashinda, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Siku ile, baada ya Mkata, mfuniko wa sufuria ulirudi mkononi mwangu. Kipimamwendo kilisoma 160.

Kabla ya Kabuku kipo kibao cha 50. Nilikiona. Nilikiona vizuri sana, na kwa muda mfupi sikutaka kukitii. Mbele yake alikuwapo mwanamke mwenye jembe begani, amekwisha anza kuvuka.

Nikakanyaga breki. Ni haki yangu kuisifu kazi ya breki zile: gari halikuyumba, halikulia, halikutoka kwenye mstari wake. Lilisimama hatua nyingi kabla ya kumfikia. Mwanamke yule hakujua lolote. Alipofika upande wa pili aligeuka, akainua mkono wake wa kulia, akanishukuru kwa kumpisha.

Niliegesha kando. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Hesabu ilikuja yenyewe kichwani. Gari la mwendo wa kilometa 160 kwa saa hupita zaidi ya mita 200 katika muda wa sekunde tano, ambao ndio muda wa mtu mzima kuvuka barabara akiwa na mzigo. Nilijua hayo yote kabla sijakanyaga mafuta. Elimu yangu ilikaa kiti cha nyuma, imefumba macho.

Mpwa wangu alingoja hadi nilipoacha kutweta, ndipo akasema kwa upole, "Mjomba, mimi sijawahi kulitia mwendo ule. Hata sijaliendesha bado." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema kweli tu, na kweli ile ilinichoma zaidi.

Nikamwachia usukani. Kutoka pale hadi Segera, na kutoka Segera kupita mashamba ya mkonge hadi Korogwe, aliendesha yeye. Alipunguza mwendo mbele ya kila kijiji kabla hajakiona kibao. Nilimwuliza amejifunza wapi. Akajibu kwamba tangu utotoni, kila akipanda gari na mama yake, humtazama akiwa amefumba macho, akawa anajiuliza ni dereva wa namna gani angemfanya ayafumbue.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakulitazama gari, alinitazama mimi usoni. Ningeweza kumwambia kwamba gari lina nguvu mno, nalo liuzwe. Asingeniuliza zaidi, na aibu yangu ingekwenda nalo. Ningeweza pia kulisifu na kunyamaza. Nilimweleza yote, kuanzia Mkata, pamoja na kicheko changu na mkono wa yule mwanamke.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaja hadi mbele ya gari, akaweka kidole juu ya nembo, akauliza ni nini. Mwanawe akamjibu kwamba ni Kilimia. Akazihesabu nyota, akacheka kidogo, jambo ambalo sikulitazamia.

"Basi ugonjwa haumo katika chuma hiki," akasema. "Umo kwenye mguu. Na mguu uliougua leo ni wa mzee, si wa kijana."

Mnamo tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Siku ile aliwahimiza Watanganyika waufufue utamaduni wao, lakini pia aliwaonya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Mashine hutufikia ikiwa imekamilika, ina breki bora kuliko tabia zetu na ina mwendo unaozidi macho yetu. Kitu kimoja tu hakimo sandukuni, nacho ni adabu ya kuitumia. Adabu hiyo hailetwi na meli. Tunayo hapa: ni ile ile inayomfanya kijana atoe ufunguo kwa mikono miwili, na mwanamke mwenye jembe amshukuru mtu asiyemjua. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 iliandika 50 kwenye makazi ya watu. Jinsi ya kumheshimu atembeaye kwa miguu tuliijua kabla ya sheria hiyo, na mzee kama mimi, ambaye alipaswa kuwa mlinzi wake, ndiye aliyeisahau.

Jioni ile dada yangu alijifunga kanga mbili, akamwambia mwanawe ampeleke kaburini kwa baba yake. Alikwenda mlango wa nyuma, akasita, kisha akafungua wa mbele. Kaburi lile liko mwendo wa kilometa tatu. Niliketi kibarazani kuwangoja, nikasikia injini ikiondoka kwa mngurumo wa chini, bila haraka, hadi ikapotea nyuma ya minazi.

Waliporudi giza lilikuwa limeingia. Kijana alizima gari akaja kukaa karibu nami, asiseme neno. Nilimwuliza jambo moja tu, kama mama yake aliyafumba macho.

"Alifumba hadi mtoni," akasema. "Kisha akaniuliza ile milima iliyo mbele yetu mbona imekuwa mizuri namna ile."